Nani Aliibeba Kengele

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Mkutano wa walimu. Prefe Murhula, mkuu wa shule yetu, amekumbusha kwamba Jumamosi ni jubile: miaka hamsini ya sekondari ya serikali hapa mtaa wa Mapendo, Goma. Hema, spika, gwaride la wanafunzi. Usingizi ulikuwa umeshanishika. Kisha akasema jambo lililoniamsha. Direkta wa masomo amehamia Bukavu, nafasi yake iko wazi, na jina la atakayependekezwa litatangazwa siku hiyo hiyo. Prefe anataka mtu ambaye maisha yake na maisha ya shule ni kitu kimoja.

Ni mimi huyo! Nilisoma hapa. Nafundisha historia hapa. Na nisipojihadhari nitazeeka hapa, nikisahihisha kazi za watoto kwenye benchi la mbao huku mvua ikinidondokea shingoni. Ofisi ya direkta ina mlango. Ina dirisha linaloona ziwa. Ina kiti kinachozunguka. Nilikikalia mara moja, direkta alipokwenda msalani, na tangu siku hiyo viti vingine vyote vinaniudhi.

Kikwazo ni Émérance, mwalimu wa kemia. Tulikuwa darasa moja. Ameshajitolea kuandika historia ya shule na kuisoma mbele ya wageni. Hajivuni, hachelewi, wanafunzi wanampenda. Simvumilii.

Wakati wa kutoka nilisimama chini ya mkaratusi nikaitazama kengele yetu. Si kengele hasa, ni janti, kile chuma cha gurudumu la lori, nasi tunaipiga kwa nondo. Kila mwanafunzi mpya huambiwa habari yake: lava ya volkano ya mwaka 2002 ilimeza madarasa yote, ikabaki janti peke yake, kwa sababu mwanafunzi mmoja aliibeba akakimbia nayo. Mwanafunzi gani? Hakuna anayejua. Shujaa mzima hana jina. Imenisikitisha sana. Njia nzima hadi nyumbani nimekuwa nikimtafutia.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Nimesema. Chumba cha walimu, wote wakiwepo, wakinywa chai. Nilianza kwa kuhema. Nikasema nimenyamaza miaka yote kwa sababu sipendi kujisifu, lakini jubile inadai ukweli. Moshi ulikuwa mzito, watu wanakimbia, mimi nikarudi ndani, nikajitwika janti kichwani, nikaenda nayo hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka.

Wakapiga makofi. Prefe akavua miwani akaifuta. Émérance akauliza jambo moja tu: kichwani? Nikasema kichwani. Akarudi kwenye kusahihisha.

Humu naweza kuandika. Siku ile sikuwa shuleni hata kidogo. Nilikuwa Gisenyi kwa shangazi tangu jana yake, nimekimbia jaribio la kemia. Nilirudi siku chache baadaye, nikavuka juu ya lava ingali moto, soli za viatu zikilainika, nikaitafuta shule. Sikuiona. Nilisimama mahali nilipodhani ni darasa letu, na huenda palikuwa barabara. Nililia kama mtoto. Lakini habari kama hiyo haimpi mtu ofisi.

Prefe ameguswa kweli kweli. Ameamua kwamba Jumamosi nitaibeba tena, mbele ya gwaride, kutoka shuleni hadi kwenye sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, na kurudi. Kichwani.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Nimejaribu kuiteremsha janti. Imeteremka yenyewe, upesi, na mimi nikiwa chini yake. Nikajaribu kuiinua. Haikuinuka. Darasa la pili lilikuwa likisoma jiografia dirishani na sasa linajua mengi kuhusu mimi.

Mke wangu, Umuhire, amenichua mgongo jioni. Hakunihurumia. Alisema: "Bidoni ya maji inakushinda kila asubuhi, leo unataka kubeba kamiyo?" Nikamwambia si lori zima, ni chuma cha gurudumu lake tu, nikamweleza kuhusu kiti kinachozunguka. Akanikandamiza pale panapouma.

Lakini nikiwa nimelala kifudifudi nimepata wazo. Chukudu! Goma nzima inasukuma mizigo yake juu ya chukudu: viazi, mkaa, mbao, kwa nini si historia? Kesho nitakumbuka kwamba niliibeba kichwani hadi langoni tu, halafu nikakutana na chukudu.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Prefe amefurahi. Amesema chukudu inaifanya habari iwe ya Goma zaidi. Ameomba tu niitafute. Nikajiona mtu mwenye akili kuliko wote hapa Mapendo, na hali hiyo ikadumu mpaka mapumziko.

Mapumziko, akasimama Landry, mwalimu wa hesabu. Amesema habari yangu imemrudishia kumbukumbu. Kumbe ni yeye aliyekuwa akisukuma ile chukudu kutoka nyuma.

Nilimtazama. Naye akanitazama, hana hata haya. Chukudu nimeizua jana usiku, kitandani, Umuhire shahidi. Lakini ningesema nini? Nikisema hakuwepo, ataniuliza mimi nani aliniona. Nikamkumbatia. Nikasema nimemtafuta miaka yote.

Émérance aliandika kitu kwenye historia yake, kisha akakifuta.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Mambo yameharibika. Olivier amempigia prefe simu. Naye alisoma hapa, sasa ana ofisi katika shirika moja kule mtaa wa Himbi, ana jeep, ana beji shingoni. Amesikia kwamba kuna watu wawili wanaojisifu kwa kubeba kengele. Ameshangaa, kwa sababu ni yeye aliyeibeba. Amekuwa akiwasimulia wageni wake wa kizungu kwa miaka na baadhi yao wamelia.

Prefe anatumaini shirika litatupa mabati. Kwa hiyo mashujaa sasa ni watatu.

Tumekutana chini ya mkaratusi ili kulinganisha kumbukumbu. Kikao kigumu. Kila mmoja alijua kwamba wenzake wanadanganya na hakuna aliyeweza kusema. Olivier alisema mvua ya majivu ilikuwa ikinyesha. Landry akasema ndiyo, majivu mengi. Mimi nikasema macho yaliniuma. Baadaye tukaanza kuongea kama watu waliokuwa pamoja kweli, na Landry akaniuliza kama nakumbuka jinsi alivyoniambia nisikate tamaa. Nilikumbuka kidogo.

Mwisho tumegawana. Olivier atashika usukani wa chukudu, kwa kuwa wageni wake watapiga picha. Landry atasukuma. Mimi, mwenye habari yenyewe, nitatangulia kuonyesha njia. Njia ambayo kila mtu anaijua! Nimedai angalau nifunge mzigo mimi. Wamekubali.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Naandika nikiwa nimelala. Kukaa kunauma.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Wanafunzi wamenyooshewa mashati meupe. Hema limejaa. Kwenye safu ya mbele, prefe wetu wa zamani, Muzee Niyonsenga, aliyeiongoza shule kabla ya lava na baada yake. Ana magoti mabaya, waliingia naye wakimshika mikono. Émérance akasoma historia ya shule: vyumba vya mbao vya mwanzoni, matofali, halafu lava, halafu maturubai ambamo watoto walisoma wakikalia mawe meusi, wengine asubuhi, wengine mchana. Ameandika vizuri, na imeniudhi. Alipofika kwenye kengele alisema tu kwamba wenye habari hiyo wataileta wenyewe.

Basi tukaileta. Kwenda hakukuwa na tatizo. Watu wa Mapendo walitupungia mikono, mama mmoja akaniita shujaa, nami nikapunga kama mtu aliyezoea. Janti niliifunga kwa kamba za mpira, na niliifunga ikiwa imesimama wima, siyo kulazwa, ili ionekane kwa mbali. Fundi aliyetuazima chukudu alinionya. Nikamwambia hajui mambo ya jubile.

Wakati wa kurudi, kwenye ule mteremko unaoelekea langoni, chukudu iliruka juu ya jiwe. Kamba zikaachia. Janti ikashuka chini, ikasimama, ikaanza safari yake. Nilikuwa mbele nikionyesha njia. Ilinipiga makalioni, ikanipita, ikaingia langoni peke yake. Wapiga tarumbeta wakatawanyika. Wageni wote wakainuka wakakimbia, isipokuwa Muzee Niyonsenga ambaye magoti hayakumruhusu. Janti ikazunguka polepole, ikaanguka miguuni pake, ikalia.

Prefe Murhula akashika maikrofoni. Akasema hiyo ndiyo kengele iliyookolewa mwaka 2002, na wale wanaochechemea pale langoni ndio mashujaa walioibeba. Muzee akaitazama janti. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, wakampa maji, akaomba maikrofoni.

"Hii?" akasema. "Hii mimi njo niliokota, njia ya Sake, mwaka moja nyuma ya lava kupita. Kamiyo ya unga ilikuwa imekufa pale. Kengele ya shule ilikuwa ya shaba. Iko hapa chini, hata sasa tuko juu yake."

Ya shaba! Niliisikia kila asubuhi nikiwa mwanafunzi, na habari ya janti ilikuwa imeifuta kabisa kichwani mwangu. Olivier akaanza kutazama simu yake. Landry alikuwa nyuma ya jeep ya Olivier. Muzee hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akatuangalia wote, walimu na waliosoma zamani, akauliza kwa upole: "Basi, batoto yangu, siku ile mulikimbia na nini?"

Émérance akasimama. "Mimi nilikimbia na sufuria ya sombe, muzee. Na kiatu kimoja." Watu wakacheka. Akaendelea, akasema usiku ule waliila ile sombe, yaani kisamvu, kando ya barabara Gisenyi na watu wasiowajua, na mmoja wa watu hao alikuwa Muzee Niyonsenga mwenyewe, ambaye aliuliza kabla ya kula ni wanafunzi gani wamepita salama. Hakuna aliyecheka tena. Muzee alijifuta uso kwa mkono wote.

Halafu wengine wakasimama, mmoja mmoja. Mbuzi. Godoro. Picha ya harusi. Na mimi nilikuwa na yangu. Viatu vilivyolainika, shule niliyoitafuta nisiione. Muzee alikuwa akinitazama, nadhani alikuwa akinisubiri. Lakini nikajiuliza: mtu aliyetafuta kitu akakikosa ni shujaa gani? Nikajishika makalio, nikampisha aliyefuata.

Jina lililotangazwa ni la Émérance. Walipiga makofi kwa muda mrefu sana. Umuhire alipiga kuliko wote.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Prefe ameniita pamoja na Landry. Hakutupigia kelele. Amesema tuirudishe janti mtini. Tumeirudisha, imechukua asubuhi nzima, na sasa ina ufa na inalia kama sufuria.

Émérance ameshahamia ofisini. Mlango uko wazi, ameweka ua kwenye dirisha. Nilipopita akaniita. Alisema historia ya shule bado haijakamilika, anakusanya walichokumbuka watu, na kama mimi nina chochote cha kweli atakiandika kama nitakavyokisema. Aliuliza vizuri, bila dharau. Alikuwa amekaa kwenye kiti. Wakati akinisubiri nijibu, alikizungusha kidogo, upande huu, upande ule.

Jana yote kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nikiwaza ile kengele ya shaba. Ya kweli. Iko chini yetu na hakuna anayejua iko wapi hasa. Ukweli, safari hii! Muzee mwenyewe ni shahidi kwamba ipo. Nikamwacha Émérance kitini. Nikaenda moja kwa moja kwa prefe nikamwambia kwamba siku ya lava mimi ndiye niliyeipiga kengele mara ya mwisho, na ningeweza kuonyesha mahali penyewe nikiwa nimefumba macho.

Prefe akavua miwani tena. Akasema sawa, kesho nije na nyundo, nitachimba mwenyewe, peke yangu, mpaka nifike. Kisha akaniuliza ni wapi.

Sikusita. Chini ya ofisi ya direkta wa masomo, upande wa dirisha. Itabidi Émérance ahame chumba wakati kazi ikiendelea, na lava ya pale ni nene, huenda ikachukua mwaka. Kiti nitamtunzia mimi.