Paka Aliyelala Katikati Yetu

Jumatatu, 4 Julai 1994

...na ndiyo maana jana niliishia njiani. Wino ulikauka nikiwa bado kwenye kope zake. Kope za Stanley! Wiki ya kumi ya ndoa, na bado nikimsikia anavua viatu mlangoni moyo unanidunda. Leo amerudi kutoka kazini, shamba la maua Usa River, na mawaridi kumi na moja. Yamekataliwa kwenda Ulaya eti yamepinda shingo. Wazungu hawajui mapenzi.

Kasoro ni moja tu. Hakimu. Paka wa Stanley, rangi ya chungwa, umri miaka minne. Yaani alinitangulia. Analala kitandani katikati yetu, uso kwa Stanley, makalio kwangu. Baridi yote hii ya Julai inashuka kutoka Mlima Meru, na mimi napashwa joto na mkia! Nikimsukuma, Stanley anasema kwa upole nimwache, amezoea. Hakimu ananitazama kama mgeni aliyekosea chumba.

Jumanne, 5 Julai

Kliniki. Ni kweli! Nina mimba! Nimelia mpaka nesi Elifuraha akanipa pamba nijifute. Kisha akauliza kama nyumbani kuna paka. Nikasema yupo, kwa bahati mbaya. Akasema basi nisiguse mchanga anamojisaidia. Kuna kidudu kinaitwa toksoplazma, hutoka na kinyesi cha paka, na kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mtu mwingine amsafishie, kila siku. Akaongeza jambo kuhusu nyama na kuosha mboga, ila wakati huo nilikuwa nimeshaanza kupanga.

Toksoplazma! Nimeiandika kiganjani nisiisahau. Sayansi iko upande wangu.

Jumatano, 6 Julai

Nilimwambia habari ya mtoto kwanza. Akaninyanyua juu, kichwa changu kikagonga fremu ya mlango. Maumivu matamu!

Kisha nikamwambia habari ya kidudu. Nikaongeza kidogo. Nesi alisema kinyesi. Mimi nikasema kinyesi, manyoya, pumzi, na shuka aliyolalia. Nikasema hata aliyemshika paka anaweza kuniletea. Nikakaa kusubiri Hakimu afungashiwe virago.

Stanley aliinamisha kope zake. Akasema hawezi kumhatarisha mtoto wake. Akachukua mto wake. Akachukua blanketi. Akamchukua Hakimu.

Wamehamia sebuleni. Wote wawili.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Stanley yuko nyumbani siku nzima, hatua tatu kutoka kwangu. Ananitengea chai juu ya stuli, anarudi nyuma, ndipo naruhusiwa kuichukua. Kitanda chote ni changu. Kipana kama uwanja wa mpira, na baridi vilevile.

Jirani yangu Paskalina kaja kuomba kitunguu, kaona mto juu ya kochi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema shoga yangu, wiki kumi tu umeshapewa talaka na paka! Nikamjibu Stanley anafanya haya kwa mapenzi. Akasema hilo halina ubishi, swali ni mapenzi kwa nani.

Sikumpa kitunguu.

Jumamosi, 9 Julai

Mpango wa pili: kumsafishia Hakimu jina. Mtaalamu akisema ni mzima, Stanley atarudi. Nikamwomba Stanley achote kinyesi kidogo, akatia kwenye kopo la siagi, tukaenda kwa Bwana Eliamini, bwana mifugo hapa Sokon. Nikakabidhi kopo mbele ya foleni ya watu na mbuzi wao. Wote walitaka kujua kuna nini ndani. Mzee mmoja alidhani ni zawadi.

Bwana Eliamini akatazama kwa hadubini. Hakuona kitu. Akauliza Hakimu anakula nini. Ugali na dagaa wa kupikwa. Anawinda? Hapana, mvivu. Akasema basi hatari yake ni ndogo. Paka hupata kidudu kwa kula panya au nyama mbichi, na akikipata mara ya kwanza hukitoa wiki mbili, pengine tatu, kisha basi. Kumpapasa mgongoni si tatizo.

Stanley akanitazama. Nikatazama mbuzi.

Halafu Bwana Eliamini akasema watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva. Akauliza kama nyumbani kuna anayekula nyama mbichi. Nikasema hakuna, kwa mkazo. Kuonja kima cha sambusa kwa ncha ya kidole ili kujua chumvi si kula. Ni kuonja.

Jumapili, 10 Julai

Stanley amerudi kitandani! Joto! Furaha!

Hakimu naye amerudi. Katikati.

Jumatatu, 11 Julai

Mpango wa tatu, bora kuliko yote. Mama mkwe, kule Usa River, analalamika panya wanamaliza mahindi ghalani. Nikamwuliza Stanley ni mtoto gani anayemwachia mama yake panya huku ana paka amelala tu. Machozi yakamlengalenga. Ana moyo! Kesho asubuhi Hakimu anasafiri ndani ya kikapu.

Alhamisi, 14 Julai

Ushindi! Stanley anapita kumwona akitoka kazini. Hakimu amekula panya saba. Wabichi, kichwa mpaka mkia! Nilipiga vigelegele. Stanley hakupiga. Alikaa anahesabu wiki kwa vidole.

Jumamosi, 16 Julai

Stanley amenieleza. Hakimu hakuwahi kula panya maishani. Kwa hiyo wiki zile alizosema Bwana Eliamini huenda ndizo zimeanza sasa. Anajisaidia ghalani, na mama mgongo unamsumbua, hawezi kuinama kila siku kuzoa na kufukia. Atazoa yeye. Na akizoa, hatanikaribia.

Nikasema si anawe mikono tu, bwana mifugo mwenyewe alisema kumpapasa si tatizo. Akajibu kwamba bwana mifugo ni wa mbuzi, nesi ndiye wa kina mama, na nesi alisema manyoya, pumzi na shuka. Au alisema vingine?

Ningesemaje? Nikasema ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo anahamia kwa mama, ni karibu na kazini pia. Nimemfungia mashati manne na sambusa ishirini. Kima cha leo chumvi imekolea vizuri, nimeonja mara tatu. Paka hayupo nyumbani: mpango umefaulu! Paskalina alikuwa ameegemea ukuta wake, anatazama. Wivu.

Stanley akasimama getini, hatua tatu kutoka kwangu, kope zake zinang'aa kwa jua la asubuhi. Kama tunaanza uchumba upya! Nimeshaamua nitavaa gauni gani. Ameahidi kwamba atakuja kunitembelea kabla mwezi haujaisha.