Ombi la Kuwanyang'anya Wakulima wa Kahawa Neno "Chuma"

Edmund Ndunguru,
Karakana ya Kukereza Vyuma,
Ruanda, Mbinga.
Jumatano, wiki ya pili ya msimu wa kahawa.

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

YAH: NENO "CHUMA" NA MATESO YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakusalimu kwa heshima, nikiamini kuwa wewe na maneno yako yote hamjambo. Lakini kuna neno moja ambalo huko kwako linakaa vizuri kwenye ukurasa wake, na huku kwetu linaniharibia maisha.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Nina leizi moja niliyoirithi kwa baba. Ni mashine ya heshima, ila meno yake ni ya kizee: ugali inauweza, mahindi ya kuchoma haiyawezi. Nikiipa chuma laini, inakikata vipande vifupi vifupi huku ikiimba. Nikiipa kigumu, inapiga kelele, inavunja kisu, kisha lawama naipata mimi.

Jumamosi iliyopita ilikatika shafti ya mashine ya kumenyea kahawa ya kikundi chetu. Mwenyekiti wa kikundi, Bi Theodosia, aliniletea vipande viwili amevikumbatia kama mgonjwa. Kahawa mbivu haina subira, Ndugu Mhariri. Ikichumwa leo isipomenywa, kesho kutwa inanuka pombe, na mnunuzi anaipa kisogo. Kaya ishirini na tisa zinaingoja shafti hiyo, shafti inaningoja mimi, nami nangoja chuma laini cha futi mbili na nusu. Kukikereza ni kazi ya nusu siku. Kukipata ndiko kulikonifanya nishike kalamu.

Usidhani nilikaa bure. Nilijaribu ekseli ya Fuso, ikanivunjia visu viwili. Nilijaribu nondo, nayo ina roho mbili, hapa laini, pale ngumu, na huwezi kujua utafika pale saa ngapi. Mvuvi mmoja wa Mbamba Bay alinipa fimbo ya injini ya boti, inang'aa kama bwana harusi, lakini tupa ninayopimia ugumu inateleza tu juu yake. Nikaona basi, niwaombe watu, tena kwa Kiswahili fasaha. Hapo ndipo yalipoanza haya:

1. Kanisani. Jumapili katekista Leopold alinisomea tangazo baada ya misa, kwamba Fundi Edmund anaomba chuma laini kwa ajili ya mashine ya kikundi. Watu wa hapa si wachoyo. Jumatatu saa mbili mlangoni kwangu palikuwa na foleni. Waliniletea majembe, miguu ya vitanda, hata pasi ya mkaa, vyote vimesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ungeweza kujitazama ukachana nywele. Waliambiwa laini, wakalainisha. Mzee Urbani alikuwa ameisugua springi ya Land Rover tangu Jumapili mchana, yeye na wajukuu watatu, na alitaka niipapase kwa shavu ili nisibishe. Nikampa shikamoo yake, nikaipapasa. Ilikuwa laini kweli. Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa springi ndicho chuma kigumu kuliko vyote alivyowahi kumiliki. Nikaifunga kwenye leizi mbele yake, kwa adabu, ikavunja kisu cha tatu. Mzee akasema tatizo ni kisu changu, hakikusuguliwa.

Najua utasema kosa hili ni la neno "laini". Sawa. Lakini lilikuwa limeongozana na "chuma", na huku kwetu ukikutwa njiani na mwizi wa kuku, hatuulizi nani kashika kuku.

2. Dukani. Bwana Masoudi ana duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini. Ukoo wake ni wa Pwani, na Kiswahili chetu hutusahihisha hata tunapomsalimia. Jumatatu hiyo hiyo alinihakikishia kwa simu kuwa stoo anacho kipande kinachonifaa. Nikafurahi, nikamwandikia ujumbe: "Bwana Masoudi, chuma ulete kesho asubuhi bila kukosa."

Ndugu Mhariri, wewe unaishi na maneno. Unajua hayo mawili yakikaa pamoja yanakuwa nini. Chuma ulete ni ule uchawi unaosemekana kuvuta fedha kutoka kwenye droo ya mwenye duka, droo ikiwa imefungwa, mpaka mfukoni mwa mchawi. Yaani nimemtumia muuza duka taarifa ya uchawi kwa maandishi, kwa namba yangu iliyosajiliwa, na saa ya kuanza kazi nikamtajia! Mkewe, Bi Hasna, aliihamishia droo chumbani. Nilipokwenda mjini alasiri kujieleza, walinihudumia kupitia dirishani. Nilinunua msasa ili nisionekane nimekuja bure, na noti yangu waliipokea kwa koleo, wakaiweka peke yake ndani ya kopo. Bwana Masoudi alisema kwa upole kwamba yeye hana ugomvi na mimi, ila chuma kikitoka dukani kwake kuja kwangu, hajui kitafuatana na nini.

3. Ukweni. Hapa naomba ukae kitako. Shemeji yangu Kilian anaishi Ukata pamoja na mama mkwe wangu, Mama Dafrosa. Kilian ana lundo la vyuma nyuma ya nyumba, lakini simu yake ilitumbukia chooni, kwa hiyo anatumia ya mama. Jumatatu jioni niliandika: "Shikamoo mama. Chuma laini tu, ngumu acha. Kesho nakuja kuchukua." Nilijua mama atampa Kilian asome.

Jumanne nilikodi bodaboda. Nilipofika nilimkuta mama mkwe amesimama kando ya barabara na viroba vinne vya kahawa: mbivu, nyekundu, laini, na ngumu zote zimeachwa mtini kama nilivyoagiza. Alikuwa amechuma tangu alfajiri, yeye na majirani. Mbele ya hao majirani akatangaza kwamba kwa miaka tisa alikuwa na mkwe wa kwenye picha, na leo amepata mkwe wa kweli. Wakapiga vigelegele. Ungekuwa wewe ungefanyaje, ungefungua kamusi? Mimi nilisema asante mama, tukavifunga viroba kwenye pikipiki, tukarudi Ruanda nimekaa nusu kiti. Kilian sikumwona, na chuma sikukiulizia, maana mkwe hapokei zawadi huku akidai nyingine.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Kahawa ya mama mkwe itaoza isipomenywa. Haimenyeki bila mashine. Mashine haizunguki bila shafti, shafti haitoki bila chuma, na chuma hakikuja kwa sababu kilichumwa. Viroba vitatu nimevimimina kwenye pipa la maji visichachuke upesi, cha nne kiko mlangoni kwa kuwa pipa limejaa. Mama amesema Ijumaa anakuja kuona kahawa yake imetokaje. Ninaogopa, Ndugu Mhariri. Miaka tisa nimetafuta kupendwa na mama huyu. Nimependwa siku moja, na harufu kwenye pipa imeanza kubadilika.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya basi la Ijumaa:

1. Kitenzi "kuchuma" kifutwe, na wakulima wa kahawa wapewe kingine. Wao wana maneno mengi: wanavuna, wanatungua, wanapukuchua. Sisi mafundi tunalo moja tu na tunalitumia kila siku, hata Jumapili.

2. Methali zao zirekebishwe. "Mchumia juani hulia kivulini" iwe "Mtungulia juani". "Mchuma janga hula na wa kwao" iachwe kwa sasa, kwani naihitaji.

3. Wachawi wahusika waandikiwe barua rasmi wabadili jina la huduma yao. "Vuta ulete" lingewafaa, na sidhani kama watapoteza wateja.

4. Kamusi zilizokwisha kuchapwa zibanduliwe ukurasa unaohusika. Kwa kata ya Ruanda kazi hiyo nitaifanya mwenyewe, nina koleo.

5. Ikishindikana kabisa, wakulima wote wa kahawa wa Mbinga wanyamaze kuanzia Juni mpaka Septemba, waongee kwa mikono. Najua miezi hiyo mikono yao ina kazi, lakini hilo ni suala la idara nyingine.

Nisalimie wahariri wenzako na wapiga chapa. Lisalimie pia neno "bati", ambalo tangu nizaliwe halijanisumbua. Mke wangu Oliva anakusalimu ingawa hajui kama nakuandikia. Bi Theodosia anakusalimu pia. Amepita mlangoni mara nne tangu nianze barua hii, na salamu yake ni ile ile, shafti imefikia wapi.

Ni mimi, ninayesubiri jibu tupa mkononi,

Edmund Ndunguru

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha Oliva aliponiita mlangoni. Alikuwa amekifungua kile kiroba cha nne ili aianike kahawa isichachuke, na katikati ya kahawa akakuta kitu kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ni shafti ya mashine ya kusaga mahindi iliyokufa, futi mbili na inchi nane. Tupa imekiuma mara ya kwanza. Sasa ni saa kumi, Bi Theodosia ameshaichukua shafti mpya, na pipa limebebwa kwenda mashineni. Nimempigia mama mkwe kushukuru. Kumbe ujumbe wangu aliuelewa tangu mwanzo, na Kilian alikitoa chuma jioni ile ile. Anasema mwanaume ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuuliza habari za kahawa yake hawezi kuanza kwa kumfundisha namna ya kuichuma. Ila alijua pia kwamba angenipa chuma peke yake, ningekipokea bila hata bodaboda kuzima injini. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, neno lenu halina kosa, liacheni lilivyo. Mama amenitumia ujumbe kuhusu Jumamosi. Una maneno mawili tu, "Njoo uchume", na nimeutafutia maana nyingine nimekosa.