Ubao Usiwe Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wetu wa wapimaji wa programu ameacha kazi. Kiti kitupu! Bosi katukusanya asubuhi kabla hata chai haijapoa, katangaza kwamba Ijumaa wakubwa wa hospitali wanakuja kuikagua programu yetu ya kukokotoa dozi za dawa, na Jumatatu ijayo wanaanza kuitumia kwa wagonjwa. Atakayekuwa na upande msafi kwenye ubao siku ya wageni, kasema, ndiye atakayekalia kile kiti. Akanitazama mimi. Au dirisha lililo nyuma yangu. Tuseme mimi.

Ubao ni ile televisheni ya ukutani. Kila jaribio la programu lina kisanduku chake. Likipita, kijani. Likifeli, nyekundu. Upande wa Miwani ni kijani kitupu, kama bustani ya mtu asiye na watoto. Upande wangu, loh! Umeota upele. Miwani ni mwenzangu wa meza ya pili, yule ambaye kabla ya kusema jambo baya huvua miwani yake na kuifuta. Leo kaifuta mpaka nikahofia vioo.

Kurekebisha kasoro zote hizo kabla ya Ijumaa? Wapi! Ila kuna rangi ya tatu. Njano. Jaribio ambalo tunajua litafeli, kwa sababu kasoro yake inajulikana na kuna mtu anayeishughulikia, huwekewa alama ya "linatarajiwa kufeli". Linafeli kimyakimya, halihesabiwi, halimtii mtu aibu. Rangi ya heshima kabisa. Nashangaa watu hawaitumii zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na ari. Kufika saa ya chai, upele wote umegeuka njano. Kompyuta inadai uandike sababu kila mara. Nimeandika "Kasoro inajulikana" kwenye zote. Inajulikana na nani? Haikuuliza.

Bosi kapita, kasimama, kasema anaona nimejituma. Nimejituma! Miwani akavua miwani. Akataka kujua kwa nini lile jaribio la dozi ya watoto linafeli. Nikamwambia lina hasira tu, litatulia. Akasema njano si ya kufichia uchafu, ni ya kasoro uliyoifungua ukaiona mpaka ndani, tena yenye mtu wa kuirekebisha. Nikamjibu mtu huyo ni mimi. Akasema hicho ndicho kinachomtisha. Wivu una maneno!

Jioni Dada kapiga simu. Dada yangu mkubwa ni mfamasia wa hospitali hiyohiyo, na Jumatatu yeye ndiye wa kwanza kuitumia programu, tena wodi ya watoto. Furaha aliyonayo! Kasema amechoka kupiga hesabu za dozi kwa penseli huku mama wa mtoto analia mbele yake, na kwamba akijua kazi imepita mikononi mwangu, roho yake inatulia. Nikamwambia alale fofofo.

Baada ya simu nimejikuta nalifikiria lile jaribio. Bure tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimelifungua. Bora nisingelifungua.

Jambo lenyewe ni hili: uzito wa mtoto ukiandikwa kwa nukta, 4.5, programu inaelewa kilo nne na nusu. Ukiandikwa kwa mkato, 4,5, programu inautupa mkato na kusoma arobaini na tano. Kichanga anapewa dozi mara kumi. Mara kumi!

Na nani huandika kwa mkato? Dada. Tangu shule ya msingi. Hata sukari ya nyumbani kwake ni kilo 1,5.

Nikaenda mpaka mlangoni kwa Bosi. Mkono juu, tayari kubisha. Nikawaza: nikisema, njano inarudi nyekundu na kiti kinakwenda kwa Miwani. Lakini nikivumilia kidogo tu? Ijumaa nakalia kiti, Jumamosi narekebisha, Jumatatu Dada anaanza kazi hana habari. Hakuna atakayeumia. Mkono ukashuka wenyewe.

Kwa tahadhari nimempigia Dada. Nikamwomba, kwa mapenzi tu ya ndugu, awe anaandika nukta. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, nukta inapendeza. Akasema ananijua tangu nimezaliwa, na sauti hii ni ya mtu anayeficha jambo. Nikajitia mtandao mbovu, nikakata.

Sahani ya chakula nimeirudisha jikoni ilivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Naingia ofisini, ubao mwekundu. Kisanduku kimoja tu, upande wangu, katikati kabisa. Dozi ya watoto. Nikasogea kusoma: "Limepita bila kutarajiwa."

Limepita! Yaani Miwani, kwa kiherehere chake, jana kairekebisha kasoro yangu bila hata kuniomba ruhusa. Na ubao wetu ndivyo ulivyotegwa: jaribio ulilosema litafeli likipita, unawaka nyekundu vilevile, ili uje utoe njano na kuweka mambo sawa. Kazi ya kubofya mara moja. Tatizo, ukitoa njano lazima uandike kasoro ilikuwa nini na nani kairekebisha. Jina la Miwani upande wangu! Kesho wageni! Na Bosi husoma kila kitu, hata karatasi za kufungia maandazi.

Nikakaa, nikatafakari mpaka chai ikawa ya baridi. Huu ubao kwani unataka nini? Unataka jaribio lifeli, kama ulivyoahidiwa. Basi.

Nimeufuta urekebisho wa Miwani. Kwenye maelezo nimeandika "usafi mdogo". Njano ikarudi, tulivu kabisa. Bahati nzuri mwenyewe kashinda hospitali akiwafungia kompyuta mpya. Jumamosi naurudisha urekebisho wake, naapa. Asubuhi na mapema, kabla ya kupiga mswaki.

Ijumaa, 7 Machi

Wageni wamefika. Mkurugenzi wa hospitali, na suti yake. Nyuma yake, Dada! Hakuniambia kama anakuja. Nikamwamkia. Akaitikia huku ananikagua uso.

Bosi akautambia ubao, kwamba hauna nyekundu hata moja. Mkurugenzi akapiga makofi. Nikajiona kitini. Kisha Bosi, kwa furaha iliyopitiliza, akamkaribisha Dada ajaribu mwenyewe. Nikasema kompyuta ile imechoka. Hakuna aliyenisikiliza.

Dada akaketi. Akachagua dawa. Kwenye uzito akaandika nne. Kidole kikasita juu ya vitufe. Nukta, nikaomba kimoyomoyo. Nukta, mtoto wa mama yangu, nukta! Akaweka mkato. Akaweka tano. Akabofya.

Dada akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akaisoma dozi tena, akarudi nyuma taratibu. Akasema dozi hii ni ya mtu mzima wa kwenda kazini, na mtoto akinyweshwa hafiki asubuhi. Miwani akaruka: haiwezekani, kasoro hiyo aliirekebisha Jumatano kwa mikono yake! Akafungua kumbukumbu za mabadiliko hapohapo, mbele ya watu. Jina langu. "Usafi mdogo."

Nikasema sikujua inafanya nini. Hapo ndipo Dada aliponigeukia. Akawaambia wote kwamba nilijua, maana Jumatano nilimpigia simu kumbembeleza aandike nukta. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Afadhali angenizaba kofi.

Mlangoni akanishika mkono, kwa nguvu. Akasema ile kilo nne na nusu hakuibuni. Ni ya kichanga aliyelazwa wodini kwake, ambaye ndiye angekuwa wa kwanza Jumatatu, na mama yake habanduki pale kitandani. Nimeona aibu, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto.

Miwani kaurudisha urekebisho kabla wageni hawajamaliza soda. Mkurugenzi kaahirisha kila kitu mpaka programu ipimwe upya. Dada kaondoka bila kuniaga.

Jumatatu, 17 Machi

Kiti kapewa Miwani. Sijali. Sheria yake ya kwanza: hakuna njano bila idhini yake, jina la mwenye kurekebisha, na tarehe ya mwisho. Na aweke.

Dada bado hapokei simu zangu, lakini Mama kaniambia kichanga kapona na karudi nyumbani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, jirani akagonga ukuta.

Nami nimebadilika. Nimejichunguza wiki nzima, usingizi sina, mpaka nimegundua kosa langu lilikuwa wapi. Njano inaonekana! Mtu yeyote akipita anaiona, anauliza. Pale ndipo nilipoharibu.

Nimetolewa kwenye dozi, nimewekwa kwenye programu ya kuwakumbusha kina mama tarehe za chanjo kwa simu. Kazi ndogo, lakini inanitosha kuanza upya. Leo asubuhi upande wangu ulikuwa na kisanduku kimoja chekundu: mtoto akizaliwa tarehe thelathini na moja, mwezi usio na tarehe hiyo mama yake hatumiwi ujumbe. Sikuweka njano. Simsumbui Miwani kwa idhini. Nimelifuta jaribio zima, halipo, na kisichokuwepo kitafeli vipi? Sasa ni kijani mwanzo mwisho. Bosi kapita, katikisa kichwa kwa kuridhika, kasema huenda nikafaa tena kwa kazi kubwa.

Dhamiri yangu safi kabisa. Kwani ni watoto wangapi huzaliwa tarehe thelathini na moja?