Kamasi Zangu na Mababu wa Miguu Minne

Jumatatu, 6 Mei
Naapa kuandika yote humu, hata ya aibu. Pua imeziba. Msiba! Ijumaa mwalimu wa Kiswahili anachagua atakayesoma risala mbele ya wazazi Jumamosi. Tumebaki wawili: mimi na jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kinanda kwa sauti yake. Leo nilipofanya mazoezi, Kinanda aliuliza nani anaongea ndani ya pipa. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumanne, 7 Mei
Nimepona, bado tu kupona! Mwalimu wa baiolojia amesema mifupa ya mashavu ina vyumba vya kamasi, na mlango wake uko juu. Mababu wa kale kabisa walitembea kwa miguu minne, uso chini, kamasi zikajitokea. Sisi tukasimama, mlango ukabaki palepale. Basi kesho natambaa.

Jumatano, 8 Mei
Nimetambaa tangu nitoke shule. Bibi aliuliza kama waliohangaika mpaka wakasimama walikuwa wajinga. Mama alinipa tambara. Alisema maadamu niko huko chini, nipige deki nyumba nzima, na uvunguni nisisahau. Vumbi! Chafya thelathini na moja. Lakini kamasi zinashuka!

Alhamisi, 9 Mei
Pua wazi! Nimetambaa saa mbili zaidi, kwa uhakika. Mama ameridhika mno. Kanionyesha na ngazi.

Ijumaa, 10 Mei
Sauti kama kengele. Mgongo umegoma kunyooka. Nimesoma risala nzima nimeinama, nikivisomea viatu vya mwalimu. Alisema nimesoma vizuri sana, ila wazazi wangependa kukaribishwa na mtu mwenye uso. Kinanda kachaguliwa. Mimi ni wa akiba.

Jumamosi, 11 Mei
Kinanda ana kwikwi! Risala ni saa tano, na kwikwi haikatiki. Ningeweza kunyamaza, nimeshanyooka kidogo. Lakini analia, na ameniita dada, kwa vipande vitatu. Nimekumbuka mwalimu wa baiolojia alisema huenda kwikwi ni urithi wa mababu waliopumua majini kwa matamvua, kama samaki. Ndoo nimeshajaza. Ukurasa huu nauchana umfikie ofisini sasa hivi. Shikamoo Mwalimu. Naomba unijibu kupitia huyuhuyu anayekuletea, maana Kinanda ameshapiga magoti: kichwa kikae ndani ya maji dakika ngapi?