Bushi ya Unga wa Shaba

Jumatatu, 3 Machi
Nimemficha jirani yangu Jael jambo moja. Kisiagi chake cha mahindi hakikuzimwa na stima. Bushi, ile pete ya shaba inayoshika shafti, niliyomtengenezea mwenyewe, ilipasuka. Niliitia mfukoni kabla hajaiona, nikalaumu waya. Sasa wateja wake wa hapa Kambi Muru wanasagia mtaa wa Olympic, naye bado ananiletea uji! Daktari anasema moyo wangu umebakisha kidogo. Lazima nitengeneze nyingine kabla sijazikwa.

Jumanne, 4 Machi
Unga wa shaba nyeusi ndani ya kalibu, jeki juu, makaa pembeni. Chuoni nilifundisha hivi: joto na mgandamizo huushikanisha unga, lakini moto ukikawia, chembe za ndani hunenepa na kitu hukatika kama biskuti. Iwive, itoke upesi. Jael aliuliza ninapika nini. Dawa ya kifua, nikasema. Inayohitaji jeki! Akaamini.
Nikasinzia. Kuamka, Jael ameongeza makaa na kuinjika githeri, mahindi na maharagwe.
"Japuonj, moto mzuri hivi unamwachia nani?" aliuliza; ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwalimu.
Maharagwe yalikuwa magumu kama kokoto, ya kuchemka hadi jioni. Ningemfukuzaje?

Jumatano, 5 Machi
Nimeivunja bushi nione ndani. Chembe kubwa kama chumvi ya mawe. Githeri ilikuwa tamu.
Nikaenda Kawangware kwa Ephantus, mchonga vyuma, kuomba unga zaidi wa shaba wa kutengenezea bushi. Alicheka hadi akashika mashine.
"Mwalimu, unga si ni wa ugali? Wacha nikuchongee moja nzima."
Nikakataa kwa dharau. Kufika stendi, nikarudi. Nikamwambia naitaka ya kuangalia tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefunga ya Ephantus. Kisiagi kinanguruma! Jael amenipigia vigelegele mbele ya wateja: Japuonj ameshinda waya. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Usiku sikulala. Mlio ule si wangu.

Jumapili, 9 Machi
Mpango mpya! Majivu laini yakichanganywa na shaba huzibana chembe zisinenepe. Jana nilikandamiza nyingine. Leo, Jael akiwa kanisani, nikaitoa ya Ephantus, nikaweka yangu.
Aliporudi, imesaga debe moja, kisha ikajisaga yenyewe. Jael alipepeta unga, akashangaa unavyometameta. Baraka, alisema. Nikamsihi aumwage: panya wamepita humo. Kisiagi kimenyamaza tena.
Kesho nitapunguza majivu.
Bushi ya Ephantus iko chini ya mto wangu. Ni nzuri kuliko yangu.