Nyuso Zilizompotea Bibi Kokulinda

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimempata mgonjwa wa tasnifu yangu! Mzee Lukman, fundi cherehani wa Buzuruga, kapigwa na kiharusi. Picha za wanawe anazitofautisha na za wageni bila kukosea hata moja. Ukimpa kijiko ataje jina, kimya. Jasho linamtoka. Maskini. Lakini tasnifu!
Hadiya, mwanafunzi mwenzangu, kasema mgonjwa mmoja hatoshi. Huenda kutaja majina ni kazi ngumu tu kuliko kutambua nyuso. Wivu.

Jumanne, 4 Februari
Hadiya yuko sahihi. Simwambii. Namhitaji mgonjwa wa pili, wa kinyume: majina mazima, nyuso zimempotea. Hapo nitadai kwamba nyuso na majina vina vyumba tofauti kichwani. Huo ndio mtengano maradufu. Nimefanya mazoezi ya kulitamka neno hilo mbele ya kioo.

Alhamisi, 6 Februari
Mungu mkubwa! Bibi Kokulinda, naye wa kiharusi, kaletwa na binti yake Renatha. Nikamtia mkononi kijiko, kikombe, ufunguo. Vyote kavitaja. Nikamwonyesha picha ya Renatha. Kasema hamjui. Renatha akaangua kilio, mimi nusura niruke kwa furaha. Eti siku hizi mama hamtambui mtu mpaka aongee. Safi kabisa!
Hadiya kauliza kama nimempima macho. Nimemjibu mimi si daktari wa macho.

Ijumaa, 7 Februari
Aibu! Mbele ya msimamizi wangu, Hadiya kaniomba nimwonyeshe bibi picha ya kijiko, asishike kitu. Bibi kasema anaona ukungu tu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili!
Nikamuuliza kwa upole, "Bibi, mbona hukusema?"
"Uliniuliza huyu ni nani, mwanangu. Hukuniuliza kama naona."

Jumatano, 26 Februari
Bibi kafanyiwa upasuaji. Leo kamtazama Renatha usoni, kisha kamwambia amekonda, anakula nini huko mjini? Renatha kalia tena. Safari hii nami nikalia.
Mzee Lukman naye, kwa mazoezi ya Hadiya, katamka "uzi". Wodi nzima ilipiga makofi.
Nimekaa nikawaza. Hadiya anajua kupima, hajui kugundua. Mimi najua kugundua, sijui kupima. Kinyume kabisa! Basi kupima na kugundua vina vyumba tofauti kichwani, na wagonjwa wawili ninao tayari. Kesho asubuhi nampelekea Hadiya fomu ya ridhaa ya mgonjwa asaini.