Modemu ya Yasmine Isiyongoja Zamu

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Madame Simone, Mkuu wa Malalamiko, kampuni inayotuletea intaneti

Madame Simone,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi. Mimi ni Amadi, fundi wa nguo hapa Kamalondo, mume wa marehemu Yasmine. Mkataba wa intaneti uko kwa jina lake, kwa hiyo barua zenu bado zinaanza na "Mpendwa Yasmine". Hilo silalamikii. Siku hizi hakuna mwingine anayemwandikia hivyo.

Ninayolalamikia ni haya.

1. Tukiwa bado matangani, mlituandikia watu wote wa avenue kwamba kuna modemu moja inayosema nje ya zamu yake, na ndiyo sababu intaneti ya kila nyumba inakatika. Hamkusema ni ya nani. Haikuwa lazima. Kabla sijamaliza kusoma, Mama Léonie, jirani yetu muuza mikate, alikwisha kupiga kelele toka ng'ambo ya barabara: "Ni ya Yasmine! Ata amekufa, iko anakata tu bantu maneno!" Avenue nzima ilicheka, na mimi pia, Mungu anisamehe. Madame, mke wangu alisema nje ya zamu maisha yake yote. Siku ya ndoa alijibu "ndiyo" shehe akiwa bado anasafisha koo. Mteja akiingia kupimwa suruali, yeye alitaja kipimo cha kiuno toka jikoni kabla sijakunjua futi, na hakukosea. Wanene walihamia kwa fundi mwingine. Katika yote hayo hakuna kampuni iliyotuandikia.

2. Mlimtuma technicien wenu, Guelor, kabla ya arobaini. Nafisa, dada mkubwa wa marehemu, alimzuia mlangoni: "Kintu ya marehemu haitoke mu nyumba mbele arobaini ipite. Ata kamba yake." Guelor alisema hataki kuitoa, anataka kuizima kidogo tu ili apime. Nafisa akamjibu, "Kuzima ni kutoa," akamletea chai. Katika chai hiyo ndipo nilipofahamishwa mambo ambayo ninyi, Madame, hamkuyaandika kwenye mkataba.

3. Guelor alinieleza kwamba uzi mmoja mwembamba wa kioo unatoka kwenye mashine yenu kubwa, unafika avenue yetu na kugawanyika hadi kila nyumba. Mashine ikisema, wote tunasikia kwa pamoja. Lakini nyumba zikijibu, kila moja ina nafasi yake, fupi kuliko kupepesa jicho, na mashine ndiyo inayoshika saa. Mbili zikijibu kwa pamoja, mianga yao inagongana na hakuna linalosikika. Nikamwambia hiyo ni sawa na kikao cha familia. "Apana, papa," akasema, "huku kuko mukubwa mwenye bote banamusikia."

Akaendelea. Kwanza mashine inapima umbali wa kila nyumba: inatuma neno, inangoja jibu lirudi. Kisha wale wa karibu wanaamriwa wazuie majibu yao kidogo, ili aliye mbali kabisa naye apate zamu, na ionekane kama wote wanakaa pahali pamoja. Hapo nililia mbele ya mgeni, jambo ambalo nalo naliweka katika malalamiko.

4. Nauliza sasa: Yasmine mmempima? Katika avenue hii hakuna aliye mbali kumshinda. Kwa sheria yenu wenyewe, walio karibu wanapaswa kumngoja. Basi mtume neno, na hadi jibu lake lirudi Mama Léonie azuie lake, na Kamalondo yote izuie, na Kipushi, na wale wa mgodi wa Kinsevere wenye haraka ya kuuza shaba. Sioni pa kuweka mpaka. Likichelewa, mvumilie. Ni mara yake ya kwanza kuchelewa kujibu.

5. Arobaini imekwisha, na Guelor alisema atarudi. Kwa hiyo naomba modemu hiyo isiguswe, bali saa yenu ndiyo iifuate. Ikianza kusema, mashine yenu kubwa inyamaze. Si vigumu. Niko tayari kuja ofisini kuifundisha mashine namna ya kukatwa maneno: unafunga mdomo, unatabasamu, unaendelea kushona. Faida yake ni kubwa kuliko mnavyodhani. Nilikuwa nikianza kuwasimulia wageni safari yangu ya Kipushi, naye akiimalizia, na wageni wakishika mbavu. Juzi niliisimulia mwenyewe, hakuna aliyenikata. Madame, haina mwisho. Kumbe mwisho alikuwa akiutunga yeye. Mkiichukua modemu hii, nyumbani hakutabaki chochote kinachosema nje ya zamu.

Nisalimie wote huko: mlinzi wa mlango, yule dada wa simu anayesema "ngoja kidogo" kwa sauti nzuri, na mashine kubwa yenyewe.

Ni mimi, ninayengoja zamu,

Amadi

P.S. Nilipokuwa natafuta bahasha, Guelor alirudi. Kwa kuwa arobaini imepita, Nafisa akamruhusu. Aliizima modemu yetu, na avenue ikaendelea kukatika vilevile. Akaiwasha, akapita nyumba kwa nyumba akizima moja moja, hadi kwa Monsieur Gérard, mwalimu mstaafu wa nyumba ya mwisho, mtu ambaye tangu ahamie hapa hatujamsikia hata akipiga chafya. Ni ya kwake: ilipozimwa tu, kukatika kukakoma. Guelor anasema yetu haijakosa hata siku moja: inangoja, inajibu, inanyamaza. Basi futeni yote niliyoandika hapo juu. Modemu yenye adabu kiasi hicho haiwezi kuwa ya mke wangu, mje kuichukua mkitaka. Ila ile ya Monsieur Gérard, mkiitoa, msiitupe. Mnikumbuke.